Sauti Yangu Ilitangulia Butihinda

Niliondoka Magarama, mtaa wetu wa Gitega, kwenda Butihinda kumposea Rashidi, mtoto wa marehemu kaka yangu. Walinichagua eti najua kusema. Mi ni fundi cherehani tu, ila kila juma nasema redioni, kwenye mchezo wa kufundisha watu usafi. Mi ndiye Mzee Mavumbi, yule anayetoka chooni na kwenda moja kwa moja kwenye sahani. Gitega wanacheka. Wananiuliza, "Mavumbi, umenawa?" huku wanakula maandazi bila kunawa.

Kutoka Muyinga mjini nilipanda pikipiki. Niliposema ninakokwenda, dereva aligeuka kunitazama mara mbili. Nilidhani ni ubovu wa barabara.

Butihinda, mchana, walinipokea vizuri, sitawasingizia. Ni watu waliorudi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania, Kiswahili chao kimenyooka. Nikaanza maneno ya posa. Mama yake Zaituni, binti tuliyemtaka, akaweka kikombe chini.

"Samahani, baba. Hebu sema tena."

Nikasema tena.

"Ndiye," akamwambia mumewe. "Mavumbi."

Nilieleza kwamba ni mchezo, maneno wanaandika watu wa mradi.

"Na yule mjukuu uliyemtia kuhara?" mzee aliuliza.

"Hakuna mjukuu, mzee. Ni mwanamke mmoja anayejua kulia."

Hakucheka. "Kambini tulizika watoto kwa kuhara. Sisi hatukujua kama kuna watu wanaoigiza jambo hilo."

Chakula kikaletwa.

Tulikwenda kunawa kwenye dumu lililofungwa kwa kamba. Mi walinisimamia mpaka viwikoni. Halafu wao wakazunguka sinia moja, mi nikapewa sahani yangu na kijiko. Mshenga akitengwa hivyo, ameshajibiwa. Lakini niseme haki: mchezo wetu umefanya kazi kule kuliko kwetu.

Wakati wa kuniaga, mama alilegeza msimamo. "Binti tutamtoa siku Mavumbi atakaponawa redioni. Majirani nao wanasikiliza."

Gitega, kabla ya kufika nyumbani, nilikwenda kwa shefu, mkuu wa mchezo, kuomba Mavumbi anawe.

"Mzee, we ukinawa mchezo inakwisha. Watu iko wanakupenda hivi hivi."

Nikamweleza habari ya Rashidi. Akafurahi, akaiandika yote: Mavumbi amkosesha kijana mke kwa uchafu wake.

Nilichojifunza labda ni kidogo: mafundisho yanaingia pale yalipouma, na mi nilikuwa nahesabu wanaocheka. Juma lililopita tuliicheza ile habari. Nilisema vizuri, nadhani. Iliporushwa, Rashidi alisikiliza nami mpaka mwisho, akazima redio, akaniletea maji na sabuni.