Bomba Jekundu la Nyumba ya Mkwe

Nusu ya majitaka ya maghorofa mapya ya Tudor hupita katika mabomba niliyoyatega mimi, na asiyeamini aende akafunue sakafu. Shule niliiacha darasa la nne, huko kwetu bara ya Kwale, nikaja kisiwani na shati moja. Leo wahandisi wakikunjua michoro yao juu ya boneti la gari, huwa wanasema kidogo kisha wananigeukia mimi. Maji hayajui kusoma mchoro. Yanajua kuteremka tu, na mimi najua yatateremkia wapi kwa kuutazama mlango na ngazi.

Nayasema haya mwanzo ili ijulikane kuwa aliyekosea katika kisa hiki hakuwa mtu asiyejua kazi.

Nyumba yenyewe iko Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu, katika kichochoro ambacho wanene wawili wakikutana, mmoja hana budi kurudi kinyumenyume. Ni ghorofa mbili juu ya chini, mawe ya matumbawe na chokaa. Humo alikuwa akiishi mkwe wangu, mamake mke wangu, peke yake. Mke wangu huu mwaka wa sita tangu afariki. Mtoto hatukujaaliwa. Watu husema mbona huoi, una mali, una nguvu, nami huwaambia nina kazi nyingi.

Katika dini yetu mke akifa, mamake hageuki kuwa mtu baki. Ni mamako mpaka mmoja wenu azikwe. Kwa hivyo kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa nikipiga hodi pale, nikipanda ngazi bila ya mtu kukimbilia buibui, nikala wali wangu. Nikimaliza nilikuwa nasema napanda juu kutazama kama dari inavuja. Huko juu ndiko nilikokaa na mke wangu miaka kumi na miwili. Dari ilikuwa haivuji, na mkwe wangu alijua haivuji, na hata siku moja hakuniuliza nimeona nini. Nilikuwa naketi kwenye kitanda, naitazama ndoano ya mlangoni alikokuwa akiitundika kanzu yangu ya Ijumaa, kisha nateremka.

Sasa, mwaka jana ukuta wa nyuma wa nyumba ile ulianza kutoka jasho. Bomba la majitaka lililoteremka kutoka vyoo vya juu lilikuwa la chuma cha kalibu, kile cha kumiminwa, la tangu enzi za wakubwa wa zamani, na upande ule usioonekana, ule uliolala ukutani, kutu ilikuwa imelila likabaki jembamba kama kaki. Kila choo kikimwagwa maji, ukuta unakunywa. Chokaa ikaanza kuanguka vipande vipande, harufu ikapanda, na mkwe wangu akaanza kukohoa.

Anao watoto wawili wa kiume, mashemeji zangu, mmoja bandarini, mmoja ana duka. Wakakata shauri mama ahamie fleti Tudor, karibu na yule mwenye duka, na nyumba itiwe wapangaji. Nilipoambiwa, nilijiuliza jambo moja tu. Mama akiondoka, nami nitaingilia wapi? Mpangaji hatanifungulia nikaketi juu ya kitanda chake.

Nikawaambia nipeni mwezi mmoja. Nitalitoa bomba lile lote, nitatia jipya, ukuta utakauka, na mama hatahama.

Yule wa duka akacheka. "Shemeji, kwa maneno hujambo."

"Na kwa kazi pia," nikamwambia. "Hilo duka lako, choo chake kiliwahi kuziba?"

Akasema hakijawahi. Nikapata mwezi wangu.

Plastiki sikuitaka. Ofisi inayotunza majumba ya kale haipendi kuona bomba la plastiki kwenye kuta zile, hilo moja. La pili, plastiki ina domo. Mtu wa juu akioga, wa chini anajua ameoga kwa ndoo ngapi. Nikaagiza chuma cha kalibu, lakini hiki cha siku hizi, kilichopakwa epoksi. Epoksi ni rangi ngumu, inashikana na chuma ikakauka mpaka inang'aa kama bakuli la kauri. Nje ni nyekundu ya udongo, ndani manjano ya binzari. Hewa yetu ya chumvi inakitafuna chuma kitupu kama mchwa kwenye mlango, lakini ikikuta epoksi haina pa kushika. Mabomba yale hayana vichwa vipana kama ya zamani. Yanakutanishwa ncha kwa ncha, unavisha mpira, juu ya mpira unazungusha mshipi wa chuma kisichoshika kutu, unakaza skrubu, basi.

Aliyeniuzia, kijana wa watu mwenye kalamu mfukoni, aliniambia mambo mawili. Ukikata, paka rangi pale ulipokata. Na moto usilikaribie, epoksi haipendi moto. Hata pale chini, bomba jipya linapoingia kwenye kichwa cha lile la zamani lililozama ardhini, akanipa mpira maalumu wa kuziba. Nikautia mfukoni nikamshukuru kama mtu anavyomshukuru mtoto.

Kazi ilikwenda uzuri. Mimi na mafundi wangu wawili tulikuwa tunaanza asubuhi, na kabla ya kugusa bomba napanda kila ghorofa na kwa jirani tunayechangia naye ukuta, napiga hodi, natoa salamu zote bila ya kuruka hata moja, kisha naomba wasimwage maji mpaka niwaambie. Fundi asiyefanya hivyo Mji wa Kale huogeshwa mara moja tu, akajifunza. Siku ya tisa bomba jekundu lilikuwa limesimama kutoka juu mpaka chini, limenyooka kama alifu. Likabaki lile ungo la chini, pale bomba jipya linapokutana na la zamani, chini ya ngazi.

Hapo ndipo nilipokosea, na nitasema kwa nini.

Nilipoijua nyumba ile mara ya kwanza, nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimetumwa kuziba ungo hilohilo la chini ya ngazi. Wakati ule tulikuwa tunaunga kwa risasi. Unasokota katani ya lami, unaishindilia kwenye kichwa cha bomba, unayeyusha risasi kwenye sufuria mpaka inakuwa kama maziwa ya fedha, unaimimina ikazunguka yote kwa mkupuo mmoja, ikiganda unaigonga kwa patasi. Ukisita katikati umeharibu. Mimi sikuwa nikisita. Binti wa nyumba alikuwa amesimama juu ya ngazi, amejitanda leso, akauliza kama ile ni fedha. Nikasema ni fedha, nitakutengenezea bangili. Mamake akamwita ndani. Mwaka uliofuata nilipeleka posa.

Ndugu zake waliikataa. Walisema dada yetu hapewi fundi wa vyoo kutoka bara. Mama yao akawajibu neno ambalo mke wangu alinisimulia zaidi ya mara mia, na kila mara tukicheka: "Nyote mwaenda chooni, na hakuna ajuaye kinakokwenda ila yeye."

Basi siku ile ya tisa nikauacha mpira mfukoni. Nikatoa katani. Nikawasha jiko la gesi chini ya ngazi nikateleka risasi. Mafundi wangu wakatazamana. Shemeji wa bandarini alikuwa amekuja kutazama, akauliza kwani yule muuzaji hakusema moto usikaribie.

"Muuzaji kazi yake kuuza," nikamwambia. "Kuunga ni kwangu. Mimi nimemimina risasi wewe ukiwa wavaa kaptura."

Harufu ya risasi ikapanda ngazi. Mkwe wangu akateremka polepole, mkono ukutani, akaketi kwenye kipandio cha tatu. Nikamwambia, "Mama, rudi juu, moshi huu si mzuri kwa kifua chako."

"Niache kidogo," akasema. "Wajua nakumbuka nini."

Risasi ilikuwa tayari. Niliimimina kwa mkupuo mmoja, mkono haukutikisika. Ikazunguka ikang'aa. Kwa nukta moja nikawa sina mvi. Nilinyanyua macho juu ya ngazi. Palikuwa na ukuta na swichi ya taa.

Nilisikia harufu nyingine pia, kama sahani ya plastiki iliyowekwa juu ya jiko. Nikajifanya sikuisikia.

Wiki ya kwanza ukuta ulianza kukauka. Nilikuwa napita na jamaa kuwaonyesha, nawaambia piga mkono hapa, sikiliza. Wiki ya tatu mkwe wangu akaniambia kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, kuwa chini ya ngazi panateleza. Nikainama nikashika. Maji. Si mengi, yanatoka pembeni ya risasi kidogo kidogo. Kikohozi kilikuwa kimerudi. Jioni ileile mashemeji wakaja na gari, wakachukua godoro lake, kasha lake na msahafu wake. Walisema ni kwa muda tu, mpaka pakauke. Yule wa duka hakunitania. Ni afadhali angenitania.

Nilifungua ungo lile peke yangu. Sikutaka fundi yeyote aone. Risasi yenyewe ilikuwa safi, pete nzuri kabisa, lakini chini yake epoksi ilikuwa imefura malengelenge kama ngozi iliyoungua, imebanduka kutoka kwenye chuma, na katikati ya rangi na chuma maji yalikuwa yamejipatia njia. Risasi niliyoimimina vizuri kuliko fundi yeyote kisiwani ilikuwa imeshikilia ngozi iliyokufa.

Nikaikata ncha ile iliyoungua, nikapaka rangi pale nilipokata kama alivyosema kijana wa kalamu, nikaunga kipande kipya kwa mshipi, kisha nikautoa ule mpira kwenye mfuko wa koti la kazi nikauvisha. Kazi ya saa mbili. Tangu siku ile halijatoka tone. Nilikaa siku arubaini nikishika ukuta kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mkavu. Nikapaka chokaa mpya. Nikasafisha chumba chake, nikatandika.

Kisha nikaenda Tudor kumchukua.

Nilimkuta kwenye baraza ndogo ya ghorofa ya tatu, jua linamwangukia miguuni, jirani mmoja wa kutoka bara, Mkristo, anamenya viazi naye wanacheka. Alikuwa amenenepa kidogo. Sikusikia kikohozi. Nilimshika mkono nikamwamkia, nikamwambia nyumba i tayari, mama, nimeitengeneza mwenyewe, hata Sultani hana bomba kama lile.

Akamgeukia yule jirani. Yule jirani akajua, akachukua viazi vyake akaingia kwake.

"Mwanangu," akasema, "pale ngazi zanimaliza. Miaka mingi zanimaliza. Hapa nina jua, nina mtu wa kuzungumza naye, wajukuu waja wakitoka chuo cha Kurani. Pale nilikuwa na nani? Nilikuwa nakungoja wewe Ijumaa."

Nikamwambia kama ni mimi, mbona nakuja.

"Waja," akasema. "Wala wali vijiko vitatu, wapanda juu. Nami nakaa chini nakusikiza ulivyonyamaza. Sikuweza kukwambia usije, na sikuweza kuondoka, ungepata wapi pa kwenda?"

Miaka yote nilidhani mimi ndiye ninayemtunza.

Akanisukumia sahani ya viazi vya karai vilivyobaki, akaniambia nile, nimekonda. Nikala. Aliniambia Ijumaa nije Tudor, wali utakuwa ule ule. Na kweli ni ule ule.

Lakini bado nakwenda Mji wa Kale, kwa sababu funguo ninazo. Nyumba ikikaa tupu, yale maji yanayobaki kwenye viwiko vya chini ya vyoo na mabafu hukauka, na yakikauka, harufu ya mtaa mzima hupanda ikaingia vyumbani. Lazima mtu aende amwage maji kila mahali, angalau kwa wiki mara moja. Hilo ni jambo la kweli la ufundi, sikulibuni. Ijumaa natoka msikitini, namwaga ndoo chini, namwaga ndoo ghorofa ya kwanza, kisha napanda juu na ndoo ya mwisho, nikishamwaga naketi.

Ijumaa iliyopita shemeji wa duka alinipigia simu nikiwa huko juu. Alisema wamepata mpangaji, watu wazuri, mume na mke na watoto, wanataka kuingia mwezi ujao. Akaniuliza, "Kazi yako imekwisha, sivyo? Niwaambie waje?"

Nilitazama ukuta. Mkavu, mweupe, haujapata kuwa mzuri hivi tangu niujue.

"Bado," nikamwambia. "Lile ungo la chini sikuliunga vizuri."

"Wewe? Hukuliunga vizuri?"

"Mimi. Niliharibu. Yataka kufunguliwa tena."

"Lini itakuwa tayari, shemeji?"

Nikamwambia sijui, kazi hii imenishinda kidogo, nipe muda. Akasema haya, taratibu, pole na kazi. Alisema kwa sauti ya upole ambayo hajawahi kuitumia kwangu tangu siku nilipoleta posa. Nikaiweka simu juu ya godoro nikabaki nimeketi.