Mtoto wa Tano wa Mama Rebeka

Paskazia Luhaga alifika msibani Ilemela akiwa na jambo moja moyoni, nalo halikuwa chakula, ingawa nusu ya waliokaa chini ya turubai, tusidanganyane, walikuwa wanaipima harufu ya pilau. Anayebisha amuulize aliyekula misiba mia. Yeye alitaka kusikia jina lake likisomwa kwenye wasifu wa marehemu, pamoja na watoto.

Marehemu ni Mama Rebeka, aliyemlea tangu ana miaka sita. Mama mzazi alifariki akaacha wawili, na baba hajulikani alipo hadi leo. Afisa ustawi akaita ndugu. Mjomba Shimba akaja kutoka Busisi, akawakagua watoto kama mbuzi wa mnadani. Akamchukua Pius, wa miaka minane, kwa kuwa ng'ombe walitaka mchungaji. "Huyu wa kike ataogopa hata ndama," akasema, huyoo akaondoka. Ndipo Mama Rebeka, mtu baki kabisa, akampokea binti.

Sasa pima mwenyewe, wewe mjuzi wa mizani. Paskazia hakulala njaa, akasoma hadi ualimu. Pius aliishia darasa la nne, na mgongo wake una michirizi ya fimbo mpaka leo. Lakini alipofikia kuoa, mjomba huyohuyo alitoa ng'ombe, akamkatia shamba, akamwonyesha na mahali watakapomzika. Ukoo ndivyo ulivyo: unakuchapa, kisha unakupa kaburi.

Kabla jeneza halijaletwa, Paskazia alimfuata Rose, binti mkubwa wa marehemu, jikoni nyuma ya nyumba.

"Dada Rose, pole. Ule wasifu..."

"Umeshachapwa, Paska." Rose hakuinua macho kutoka kwenye nyanya. "Tumetajwa wanne. Wewe uko pale mwisho: 'pamoja na wengine aliowalea.'"

"Wengine gani, dada? Si mimi peke yangu?"

"Wazee wamekataa. Wanasema leo jina, kesho nyumba."

"Sitaki nyumba."

"Najua. Miezi minne umemgeuza mama kitandani, mimi niko Dar. Najua, mdogo wangu." Akakata nyanya nyingine. "Ila sina ubavu wa kubishana nao."

Makaburini, Obedi, msemaji wa familia, aliita kwa sauti ya mnadi samaki: "Watoto wa marehemu, udongo!"

Wanne wakaenda. Mguu wa Paskazia nao ukaenda, wenyewe tu, bila ruhusa ya mwenye mguu. Mzee mmoja akamshika mkono, kwa upole kabisa. "Subiri zamu yenu, mwalimu."

Wakaitwa wajukuu. Wakwe. Kwaya. Hata kwaya!

Pius, aliyevuka ziwa asubuhi ile kutoka Busisi ndani ya koti la kuazima, akamwinamia. "Kwetu ungetajwa."

"Kwetu mlinikataa, kaka."

Pius akalivuta koti likae sawa mabegani.

"Mwisho," akaita Obedi, "majirani na marafiki!"

Wakajipanga, kaka na dada, katikati ya muuza mkaa na fundi baiskeli. Zamu ilipofika, Paskazia akachota udongo mkono mzima, akauachia polepole. "Mama," akasema.

"Sogea basi, dada," muuza mkaa akamnong'oneza, "na sisi tuage."

Akasogea.