Povu Lililoficha Sumu

Shangazi yangu hufua ovaroli za wapulizaji dawa katika shamba la maua. Wageni wakija kukagua shamba hupelekwa kwenye maua, hawapelekwi chumba cha kufulia. Mimi naiita hiyo dharau, na nitaiita hivyo mbele ya yeyote, kwa sababu siku nguo zile zisipofuliwa sawasawa, mtu hufa.

Namna ya kuzifua ni hii. Ovaroli zilizoingia sumu ya wadudu hulowekwa kwenye pipa la maji ya magadi makali, pamoja na sabuni nzito ya pinki isiyotoa povu la maana. Humo sumu huvunjika ikaisha nguvu. Kisha husuuzwa mara moja tu, maana hata maji ni ya mgawo.

Wiki hiyo sabuni ya pinki iliisha. Shangazi akamwendea meneja.

"Tumia ya unga, mama. Sabuni ni sabuni," meneja alimjibu, macho kwenye simu.

Shangazi akamwaga ya unga pipani. Povu likapanda hadi ukingoni, jeupe pe, linanukia. Mashaka aliyokuwa nayo yakamwisha, akafurahi kabisa. Ovaroli ya mkwewe aliitundika mbele ya zote, kwani baba wa mumewe ndiye mpulizaji mkongwe kuliko wote pale.

Asubuhi, wapulizaji wakiwa wameshazivaa ovaroli na kuingia mabanda ya maua, mpimaji wa maabara alikuja kuchota maji ya pipa. Ni kijana wa utani. Humwita Shangazi "bosi". Alichovya karatasi yake ya kupimia, akaitazama, utani ukamtoka.

"Bosi, humu uliweka nini?"

"Ya unga. Kwani vipi?"

"Sumu bado ni nzima."

"Na magadi yote yale?"

Mpimaji akachuchumaa, akachora duara sakafuni kwa kidole chenye maji. Kila chembe ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta, alisema; zikiwa nyingi majini hukusanyika zikawa vitufe vidogo mno visivyoonekana, mikia ndani, vichwa nje. Sumu hii hupenda mafuta, kwa hiyo hujipenyeza ndani kwenye mikia. Vitufe vya sabuni ya pinki huyavuta magadi kwa nje, basi magadi na sumu hukutana mahali pamoja na kazi huisha upesi. Vitufe vya sabuni ya unga huyasukuma magadi mbali.

"Sumu imejifungia ndani, bosi, magadi yamefukuzwa mlangoni. Ungeloweka mpaka uchoke. Na ulisuuza mara moja?"

Shangazi aliwaza jasho. Mkwewe hutoka jasho kama bomba bovu, na jasho lingelowesha kola, na kola inagusa shingo. Akatoka mbio, glovu zake za kufulia bado mikononi.

"Vueni! Vueni ovaroli!" alipiga kelele banda la kwanza.

"Leo mama kaamkia upande gani?" mmoja akacheka. Walipomwona uso, kicheko kikakoma, zipu zikaanza kushuka. Mkwewe hakuwemo. Alimkuta banda la mwisho, peke yake, ameegemea nguzo, anatema mate mfululizo.

"Baba, vua ovaroli."

"Una wazimu? Nivue nguo mbele ya mke wa mwanangu?"

"Ina sumu, baba. Niliifua vibaya. Nakuomba."

"Kaniitie mwanaume."

"Huo muda hatuna!"

Mzee alitaka kumkaripia, mate yakamchuruzika kidevuni. Shangazi akamtazama machoni, jambo ambalo tangu aolewe hakuwahi kuthubutu. Mboni zilikuwa zimesinyaa zikawa vitone. Akashika zipu, akaivuta hadi chini. Mzee akamsukuma, lakini mkono haukuwa na nguvu. Akamvua kila kitu, akafungua mpira wa maji, akamwogesha kwa sabuni shingo na mgongo huku analia: "Nisamehe baba, nisamehe baba."

Kwenye zahanati mzee alichomwa sindano, kisha nyingine. Meneja alichungulia mlangoni, akasema ajali hutokea. Ile haikuwa ajali. Mtu aliulizwa swali la uhai wa watu, akalijibu bila kuinua kichwa.

"Mate yakikauka na kifua kikiacha kukoroma, dawa imemkubali," muuguzi alimwambia Shangazi. "Kabla ya hapo siahidi kitu."

Shangazi akakaa kwenye stuli kando ya kitanda. Mzee alikuwa amelala kaelekea ukutani. Pumzi yake ilikuwa inakwaruza, inasita, inakwaruza tena. Kila iliposita, Shangazi naye aliacha kupumua.

"Baba, geuka kidogo nikuone."

Mzee akavuta shuka hadi shingoni.

"Baba?"

"Umeona ya kutosha leo," mzee alisema, ulimi mzito. Akameza kwa shida, akajaribu tena. "Mdomo umenikauka kama karatasi. Hakuna maji humu ndani?"

"Mdomo umemkauka!" Shangazi alimpigia muuguzi kelele, maji akayasahau. Ikabidi muuguzi ndiye ayalete.