Alama Mbele ya Mabano

Nilijifunza aljebra ukubwani, katika madarasa ya jioni ya Bukoba, nikaila kama mtu anayekula mkungu mzima wa ndizi na maganda yake. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilipopewa darasa la juu la shule yetu ya misheni, hapa Karagwe, kichwa kilivimba hata kofia ikakataa kuingia. Nilifundisha kwa sauti ya kusikika Uganda. Ng'ombe wa jirani walijua kutafuta x.

Jambo moja tu lilinishinda: alama ya kutoa ikisimama mbele ya mabano. Alama zote za ndani hugeuka. Mimi niligeuza ya kwanza tu. Kule Bukoba niliona aibu kuuliza mbele ya makarani niliosoma nao. Basi nikaandika hivyo ubaoni, wanafunzi ishirini na wawili wakanakili, wakaitikia kwamba wameelewa.

Kwenye mtihani wa kuendelea na masomo, wote walikosea swali hilo kwa namna moja. Wasahihishaji wakaamua wameibiana majibu. Matokeo yote yakafutwa.

Mkuu wa shule aliniuliza kama najua sababu. Nikasema sijui, na hiyo "sijui" niliilinda wiki tatu nisinyang'anywe darasa, huku wazazi wakija, kofia mikononi, kuniomba niwasemee wana wao. Mwishowe nikaandika barua kwamba kosa ni langu. Vijana wakasafishwa, lakini nafasi zilishajazwa na wengine. Mimi nikashushwa darasa la kwanza. Huko ndiko nilikojifunza kazi: kila siku nakosea makusudi, atakayenikamata anapewa chaki.

Miaka baadaye, sokoni Kayanga, nilikutana na mwanafunzi aliyekuwa bora kuliko wote katika darasa lile, akisukuma baiskeli yenye gunia la kahawa. Aliniamkia, akanipokea kapu. Nikamwambia nilimharibia maisha.

"Tuliliona kosa siku ile ile, mwalimu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungeanzaje? Mtu mzima kama wewe?"

Nikamuuliza, na kwenye mtihani je? Akainamisha macho.

"Tulikubaliana tuandike ulivyotufundisha, tusionekane tunakusahihisha. Swali moja tu, tukasema, haliwezi kutuangusha."

Kisha, kwa upole uleule, akasema mwanawe anaanza shule mwakani, angefurahi nikimfundisha mimi.

"Mfundishe kwanza kunibishia," nikamwambia.

Akacheka sana. Alidhani natania, kama kawaida yangu.