Madaftari Matatu ya Zambarau

Watu wakisikia nilifanya kazi kwenye maabara ya sekondari pale Kigoma, miaka ile ya foleni za sabuni, hudhani nilikuwa msomi. Msomi wapi! Nilikuwa muosha chupa. Mkimbizi kutoka Burundi, shule ya kuungaunga, chumba kimoja Buzebazeba na bibi mzaa mama, basi. Aliyenifundisha kupima na kuchanganya dawa ni mwalimu wa kemia, Mhindi wa Kerala, mwembamba, hasira ziko puani. Tulipatana kwa sababu hiyohiyo. Mimi nami sichelewi kuwaka.

Kwao hakujulikana kwa kemia hata kidogo. Alikuwa mwandishi. Hadithi zake za Kimalayalam, lugha ya kwao, zilitoka kwenye magazeti ya kila wiki, zikasomwa hadi na wauza chai, ndivyo alivyosema, nami sikuwa na wa kumuuliza. Baba yake alitaka mwanasayansi, akampa mwanasayansi. Halafu akamchoka baba, akayachoka na magazeti, akaomba kazi Tanzania. Miaka minane hakuandika hadithi hata moja.

"Nimekwisha, dada," aliniambia siku moja akinawa mikono. "Kama spiriti iliyoachwa bila kifuniko."

Aliyemwamsha ni bibi yangu. Mwalimu alikuja nyumbani kumpa pole ya malaria, bibi akaanza kusimulia kwa Kirundi jinsi tulivyokimbia kwetu, mimi nikawa natafsiri. Jumapili iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena, na daftari mkononi. Aliandika vile alivyotufundisha kuandika jaribio: vilivyokuwepo, kilichotendeka, kilichoonekana. Hitimisho hakuweka. Nikamuuliza kwa nini.

"Wewe unalo?" akanikaripia. "Kama unalo, nipe."

Sina hadi leo.

Bibi hakujali hadithi itakaaje. Alijali majina. Watu wetu kumi na mmoja waliuawa siku ile tuliyokimbia, na kwetu mtoto harithi jina la baba. Kila mmoja hupewa lake peke yake, likipotea huwezi kulikisia kwa kumtazama ndugu yake. Kwa hiyo bibi alimkazia mwalimu macho: "Andika mwarimu, nione." Mwalimu akayaandika yote kumi na moja kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi zetu hizi ili nimsahihishe. Mimi nilikuwa na miaka sita tulipovuka mpaka. Wengine niliwajua kwa migongo waliyonibebea tu. Jina liliingia sikioni, likatokea mdomoni, likaishia kwenye daftari, na kusema kweli nilifurahi kwamba halikai kwangu. Zigo lile nilimtwika Mhindi wa watu.

Kalamu alikuwa nayo. Wino ndio haukupatikana mji mzima. Akachukua GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda vya mdomo, akaichanganya na spiriti na maji, akajaza madaftari matatu. Kisha akaenda likizo kwao, arudi baada ya miezi mitatu.

"Yaweke gizani," aliniambia. "Mwanga ni adui yake. Kama silva naitreti."

Nani asiyejua silva naitreti? Chupa zake za kahawia nilizifuta vumbi mimi mwenyewe kila Ijumaa. Nikayafungia kabatini pamoja nazo.

Hakurudi. Mkataba wake haukuongezwa. Bibi akafariki mwaka huohuo, tukamzika bila hata mtu mmoja wa kwetu wa kubeba jeneza. Kisha shule ikataka karatasi za uraia, na mimi nilikuwa nazo wapi? Nikaondoka na madaftari ndani ya khanga, nikaenda Katonga, kando ya ziwa, kuanika dagaa.

Masika yakaja, paa likavuja juu ya kitanda, madaftari yakalowa. Niliyakuta yamevimba, yameanza ukungu. Nikafanya anachofanya kila mtu wa pale ufukweni kitu kikilowa: nikaanika. Ndiyo kazi yangu, naijua kuliko kazi nyingine yoyote! Siku nne niliyatandaza mchangani kando ya dagaa, nikigeuza ukurasa mmojammoja, nikifukuza kuku. Niliona maandishi yanapauka. Nikasema, ah, kitu kibichi huwa cheusi, kikikauka hupauka. Nilifikiria maji. Mwanga haukunijia akilini hata mara moja. Siku ya tano karatasi zilikuwa kavu, safi, nyeupe.

Niliyashika nikalia kama mtoto. Wenzangu walidhani dagaa wangu wameoza.

Mwaka ukapita, barua ya mwalimu ikanifikia kupitia shuleni. "Dada, usiyatume madaftari, mizigo hupotea. Hadithi nimeiandika upya, ilikuwa kichwani. Mchapishaji amekubali. Majina tu ndiyo sina. Ninakilie yale kumi na moja ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Bila majina sitachapa, nilimwahidi bibi."

Nikakaa na kalamu. La mama, la baba, la kaka zangu wawili. Shangazi. Babu. Mjomba aliyekuwa na kinanda. Saba. Hapo nikakwama. Siku tatu nimekwama, nikijipiga kibao cha mdomo, maana mdomo huuhuu uliyatamka yote.

Ningemwandikia ukweli. Nilishindwa. Niliona aibu, niliogopa asichape, na asipochapa wote kumi na mmoja wamekwenda. Nikatazama kushoto na kulia pale mchangani. Nikaandika majina manne ya wanawake nilioanika nao dagaa, wazima kabisa, wanacheka.

Kitabu kilifika. Kidogo, karatasi nyepesi, herufi za kwao za duaraduara, nisizojua kuzisoma, tangu mwanzo hadi mwisho, hata majina. Mwalimu hakuandika tena, alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwambia. Ninacho kitabu ndani ya sanduku, gizani, sasa ndiyo nimejifunza.

Mara nyingine nakitoa, napitisha kidole mstari kwa mstari namtafuta mama. Simpati. Sijui niliyemgusa ni yeye au ni mwanika dagaa wa Katonga.