Ile Sehemu Nakuachia

Rafiki yangu alimwambia mtangazaji wa redio ya mtandaoni kwamba sauti ya gitaa inayofungua wimbo wa tatu wa albamu yake aliipata kwa kuwasikiliza Waingereza miaka mingi. Gitaa hilo nilipiga mimi. Nilikuwa naendesha gari kwenda kazini, sijatoka hata mtaani kwetu Alief, nikaingia kwenye maegesho ya duka la vyakula nisikilize mpaka mwisho. Mtangazaji akasema kweli, London inasikika kabisa. Rafiki yangu akacheka, akashukuru.

Nirudi nyuma kidogo. Yeye ni Mkenya, muuguzi, anaishi mji wa Carrollton, na ana kikundi kinachopiga blues yenye roki ndani yake. Mimi ni Mkongo, nafanya kazi ghalani hapa Houston. Tulijuana harusini: yeye alikuwa jukwaani, mimi mgeni niliyeshindwa kukaa kitini. Tangu hapo tulipigiana simu kila wiki, habari zetu gitaa tu. Aliponiambia anarekodi albamu ya kuwaenzi wapiga blues wa Uingereza, wale aliowapenda tangu sekondari, nilifurahi kana kwamba ni yangu.

Wimbo wa tatu ulimkataa. Akanipigia: "Mzee, njoo. Huu wimbo umekauka."

Nilikwenda Jumamosi, mwendo wa saa nne kwa gari. Studio ilikuwa gereji ya nyumbani kwa fundi sauti wake. Nilifungua uzi wa nne wa gitaa, nikaweka mwembamba mahali pake, kama wapigaji wa kwetu wanavyofanya ili kati ya gitaa la ridhimu na la solo ipatikane sauti ya tatu. Fundi akauliza kama nimekosea.

"Mwache," rafiki yangu akamwambia. "Hawa Wakongo hata viatu wanafunga na nyuzi za gitaa."

Tulicheka. Nilipiga mara mbili, ya pili ikakaa.

Jumapili nilirudi, nina zamu. Nilipofika nyumbani nikamwandikia: "Ile sehemu nakuachia." Nilimaanisha aamue aianzie wapi na aikate wapi. Kwetu mtu akikuachia sufuria jikoni, amekuachia uiangalie isiungue. Hajakupa chakula.

Albamu ikatoka. Jalada linasema magitaa yote ni yake. Chini kuna shukrani: wapigaji wa Uingereza, mke wake, kanisa lao. Nilisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Hata hivyo nilinyamaza, mpaka siku ile ya redio. Jioni nilimpigia.

"Ndugu, mbona jina langu halipo?"

"Bro, si ulisema unaniachia?"

"Nilikuachia uipange."

"Aah, Kiswahili chenu nacho! Kwetu ukiniachia kitu, ni changu."

"Na yale ya redioni?"

"Hizo ni story za redio tu. Usichukulie serious."

Nilitaka kumwamini. Tumezoea kutaniana, yeye na Kiswahili changu, mimi na chake, na mara nyingi tumepishana kwa neno moja. Lakini sikulala vizuri, na kesho yake nilimpigia fundi sauti kumuuliza ile sehemu yangu ameihifadhi kwa jina gani.

Alifungua kompyuta nikisubiri. Jumamosi alikuwa ameiandikia jina langu, yeye mwenyewe. Jumapili likaondolewa, pakawekwa "gitaa la pili". Akaniapia hakuligusa. Siku hiyo rafiki yangu alishinda pale peke yake akichanganya nyimbo.

Ujumbe wangu ulitoka saa tisa na dakika kumi alasiri. Nikamuuliza fundi jina lilibadilishwa saa ngapi, kabla ya hapo au baada. Akasema kompyuta yake inaonyesha tarehe tu. Saa inaonekana kwenye diski ya akiba, na diski hiyo ameichukua rafiki yangu, iko nyumbani kwake Carrollton.