Sufuria Mbili za Pilau ya Hitima

Naandika haya mwenyewe kabla hamjayasikia kwa Mwanahawa, maana yeye akisimulia anaongeza chumvi, na aibu yangu imekolea tayari.

Mwanahawa ni mke mwenzangu. Mume wetu alishafariki, tumebaki sisi wawili hapa Magoma, nyumba zinatazamana, na kila mwaka tunamsomea hitima, na pilau napika mimi. Mke mkubwa ndiye anayeshika mwiko, hilo halina mjadala (Mwanahawa analijua, ila macho yake hayabanduki kwenye huo mwiko).

Sasa mwaka huu mjukuu wake Rehema, anayesoma sekondari Korogwe mjini, akakaa na sisi kumenya vitunguu saumu, akatuambia kwamba kule juu angani hakuna hewa, na chuma kikiwa safi kabisa kikigusana na chuma mwenzake vinaungana, bila moto wala fundi.

"Hapa duniani, bibi zangu, hewa inakivisha chuma ngozi nyembamba hata hamuioni, ndiyo inayokaa katikati. Kule ukiikwangua hairudi."

"Mashallah!" wakasema wanawake wote.

"Kichwa cha babu yake hicho," akasema Mwanahawa.

Hapo ndipo paliponichoma. Babu yake si ndiye babu wa wajukuu wangu? Hao wangu vichwa walichukua kwa nani? (Mmoja anaendesha bodaboda, mwingine anasubiri ya kwake.) Nikasema, "Uongo! Nimesugua sufuria kwa jivu na mchanga tangu sijaolewa, hazijawahi kushikana."

"Bibi, ni kule ambako..."

"Chuma ni chuma. Ngoja nikuoneshe."

Ningenyamaza tu. Lakini nikachukua sufuria mbili za shughuli, nikazisugua mpaka unajiona meno, ile kubwa nikaibandika mafigani ikauke, ndogo nikaisuuza kwa maji ya mtungi, nikaitua kubwa ikiwa bado ya moto, nikaichomeka ndogo ndani yake, na kwa kuwa wivu hauna kiasi, nikaikalia juu kabisa, nikawa nawasema watoto wa siku hizi na elimu yao, nikasema mpaka nikachoka. Nikainuka, nikanyanyua ile ndogo.

Zikaja zote mbili.

Nikavuta. Nikamwita mkwe wangu naye avute upande wake, mikono ikateleza, nikaenda chali, kanga huku mimi kule, mbele ya mwalimu wa madrasa na wazee waliokuja kuulizia chakula. Mchele umeshalowekwa, nyama imeiva, sufuria ya kupikia hakuna.

"Dada," akasema Mwanahawa taratibu, "kumbe angani ni hapa kwetu?" Wanawake wakaangua kicheko. "Nikalete sufuria yangu? Ila ikiwa yangu, mwiko nashika mimi."

Nikaona hitima zote zilizobaki za maisha yangu, Mwanahawa kwenye mafiga, mimi namenya vitunguu.

Rehema akachuchumaa, akaninong'oneza sikioni. "Bibi, hii siyo ile ya angani. Ya nje ilikuwa ya moto, ilitanuka, sasa imepoa imeibana ya ndani. Tutie maji baridi ndani, ya moto tuyamwage nje." Akafanya hivyo, akazungusha kidogo, zikaachana. Hakucheka. Angenyamaza tu, bibi yake angepata mwiko, lakini alinikabidhi sufuria kwa mikono miwili, akasema, "Pika, bibi."

Pilau ilichelewa, ikaliwa. Mgeuzo wa kwanza nilimpa Rehema mwiko ageuze yeye, huku namtazama Mwanahawa usoni.

Sikalii sufuria tena, naapa, wala sibishani na mtoto juu ya kitu alichosomea. Wivu bado ninao, siwadanganyi. Rehema akija likizo namwita barazani kwangu anieleze tena habari za chuma cha angani, na mimi namuuliza kwa sauti kubwa, nyumba ya pili isikie. Kichwa ni cha babu yake, sawa. Lakini mwiko anaushika kama mimi.